Toleo la Saba

Mimi ndiye mtunza vitabu vya mashine.
Si maktaba. Hakuna anayekuja kusoma kwa raha.
Chumba kina dirisha moja, linatazama ukuta,
na feni inayopepea karatasi kuliko inavyonipepea mimi.
Masika yakiingia Ubungo majalada huvimba
kama miguu ya mjamzito,
nami huyafuta moja moja kwa kanga kuukuu,
nikinusa kama ukungu umeshaanza.

Mtengenezaji yuko mbali, kwenye theluji.
Huandika kila anapokumbuka kosa lake:
"Ukurasa wa mia na kumi na mbili,
badala ya themanini na tano, soma sabini."
Hasemi samahani. Hutaja namba tu.
Kazi yangu ni hiyo sabini
ifike kwenye mkono ulioshika spana
kabla spana haijazunguka.

Kuna siku haikufika.
Barua ilikuja kwa faksi, mwaka ambao sikuwapo,
mtu akaitandika chini ya kikombe cha chai.
Nimeikuta miaka sita baadaye, nyuma ya droo,
duara la kahawia limeizunguka sabini
kana kwamba kikombe kilijua.
Bolti ilikuwa imeshakatika,
pampu ya mafuta imeshatapika,
Manzese imeshalala gizani siku mbili,
samaki wa watu wameoza kwenye friji za mkopo.
Ripoti iliandika: hitilafu ya kiufundi.
Mimi niliisoma: kikombe.

Ndipo nilipoanza kuzunguka na daftari.
Nani ana kopi? Ya toleo gani? Umeitoa wapi?
Mafundi wakanipachika jina.
"Bi Toleo huyo, ficheni makaratasi!"
Nilizikuta chini ya viti, ndani ya kofia ngumu,
moja imefungiwa karanga.
La pili, la tatu, la nne, yote yanafanya kazi
kwenye mtambo uleule, usiku uleule,
kama waganga watatu kwa mgonjwa mmoja.

Chilumba wa zamu ya usiku alinikatalia.
Kabati lake lina kufuli la Kariakoo,
na ndani toleo la nne, limekula grisi mpaka linang'aa.
"Chukua mshahara, hiki niachie."
Akafungua nione tu, nisiguse.
Pembeni, kwa penseli, miaka kumi na tisa ya mkono wake:
hapa usikaze, sikiliza kwanza
joto la Januari si la kitabu, ongeza dakika kumi
valvu hii inadanganya
leo nimepata mtoto wa kike, presha sawa

Niliketi sakafuni, nikanakili yote kwenye fomu
isipokuwa mtoto.
Mhandisi Rweyongeza akasaini, tukatuma.
Miezi minane, kimya.
Kisha bahasha: Toleo la Saba.
"Kwa maeneo ya pwani yenye joto,
ongeza dakika kumi."
Chini nembo yao, na tarehe.
Jina la Chilumba halipo.

Nilimpelekea. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
akacheka kidogo, peke yake.
"Na ile ya valvu?"
Haikuwamo.
Hawajakubali kwamba valvu yao inadanganya.

Kanuni inasema jipya likija
la zamani lipigwe muhuri, liharibiwe.
Muhuri nimepiga. BATILI, BATILI, kila ukurasa,
nikikwepesha wino mwekundu usiguse penseli.
Kuharibu, sijaharibu.
Nimelisajili: lina namba, lina rafu,
na kwenye safu ya Mtengenezaji
nimeandika Chilumba, zamu ya usiku.
Mkaguzi anakuja Juni. Ataniuliza.

Jana saa tisa usiku valvu ilidanganya tena.
Asubuhi nimekuta fomu mezani,
imejazwa kwa penseli,
na mahali pa sahihi
kidole cha grisi.